Pareto, mwarobaini na dumuzi: historia fupi ya dawa ya mahindi yetu

Leo sina habari za theluji wala za bei ya nyumba Toronto. Leo nataka tuongee habari za kihenge. Najua kuna watakaocheka: huyu kaenda mpaka Kanada anatuletea habari za fukusi! Ngojeni kwanza, mnisikilize mpaka mwisho.

Nianze na miti ya huku. Kando ya barabara nyingi za Toronto walipanda mti unaoitwa eshi. Ni mti mzuri wa kivuli, mbao zake ngumu. Mwaka 2002 kule Detroit, Marekani, na Windsor upande wa pili wa mto, akagunduliwa mdudu mdogo wa kijani kinachong'aa kama zumaridi. Asili yake ni mashariki ya Asia, na inaaminika alisafiri ndani ya mbao za kufungia mizigo. Mabuu wake hula chini ya gome, wanakata njia za maji na chakula cha mti, na baada ya miaka michache mti umekufa. Mwaka 2007 akaonekana Toronto, eneo la Sheppard na barabara kuu ya 404, karibu tu na huku kwetu Agincourt. Jiji lilikadiria kuwa na miti ya eshi kama 860,000. Mingi leo haipo.

Sasa sikilizeni. Dawa wanayotumia kuokoa ile iliyobaki inaitwa TreeAzin, na inatoka kwenye mbegu za mwarobaini. Naam, mwarobaini huu huu ulioota nyuma ya msikiti, ambao bibi alikuwa anachemsha mtu akishikwa na homa! Ilitengenezwa na kampuni ya BioForest ya mji wa Sault Ste. Marie ikishirikiana na idara ya misitu ya serikali ya Kanada, ikapata usajili kamili mwaka 2012. Wakati wa kiangazi mafundi wanapima unene wa shina, wanatoboa vitundu vidogo chini kabisa, wanaingiza dawa kwa kiasi kinacholingana na unene ule. Mti unainyonya mpaka juu. Mwaka mmoja au miwili ikipita, wanarudia.

Nikajiuliza: mwarobaini ni ule ule. Kwa nini huku ni dawa yenye namba ya usajili, na kwetu ni "dawa ya kienyeji" ambayo bwana shamba anaisikiliza kwa heshima tu halafu anakwambia ukanunue ya dukani? Jibu la haraka ni kwamba za dukani zina nguvu zaidi. Nimesoma soma historia yake, na naona jibu hilo halitoshi. Haya, tuifuate hadithi tangu mwanzo.

ZAMANI

Wazee wetu hawakuwa wanakaa tu wakisubiri fukusi wamalize mahindi. Mahindi ya mbegu yalining'inizwa na maganda yake juu ya jiko, moshi ukayapita kutwa kucha. Kihenge kilipakwa udongo na samadi. Nafaka ilichanganywa na majivu. Sehemu nyingine waliweka majani makavu ya kivumbasi, sehemu nyingine utupa, ule ule unaotwangwa na kumwagwa mtoni ili samaki waelee. Na kuna walioweka karafuu.

Kila kimoja kina kazi yake. Majivu yanajaza nafasi kati ya punje, mdudu hawezi kutembea wala kukutana na mwenzake, na yanamkwaruza ngozi mpaka unyevu wake unamtoka. Utupa una sumu za kundi la rotenoni, zinazozuia chembe za mwili wa mdudu zisitengeneze nguvu. Kivumbasi na karafuu zinamfukuza kwa harufu. Hili la mwisho lilipimwa Nairobi. Mwaka 1990 Ahmed Hassanali na wenzake wa kituo cha ICIPE (kile cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970) walichapisha utafiti wa aina moja ya kivumbasi pamoja na karafuu, kwa sababu zilikuwa zinatumika kuhifadhi nafaka katika sehemu za Afrika Mashariki. Wakakuta fukusi kweli wanazikimbia, na kiungo kikubwa kimoja kinapatikana kwenye mimea yote miwili: eugenoli. Ndiyo ile harufu inayokujia ukifungua kopo la karafuu. Bibi wa kijijini na bibi wa Pemba walikuwa wanatumia dawa moja bila kujuana.

Lakini tusijidanganye pia. Dawa hizi ziliweza kazi kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mahindi ya zamani yalikuwa na punje ngumu na maganda yaliyofunika gunzi lote. Mavuno yalikuwa ya kula nyumbani. Na adui alikuwa fukusi, ambaye ni mwizi wa polepole.

PARETO

Sasa tuje kwenye ua ambalo wenzetu wa Mufindi, Njombe na Makete mnalijua vizuri kuliko mimi. Pareto asili yake ni Dalmatia, pwani ya nchi inayoitwa leo Kroatia. Maua yake yakikaushwa na kusagwa yanaua wadudu wa kila aina. Ndani yake mna viungo sita vinavyoitwa kwa pamoja pirethrini. Mdudu akivigusa, mishipa yake ya fahamu inashindwa kuzima: inapiga na kupiga, anatetemeka, anaanguka. Binadamu na ng'ombe hawadhuriki kirahisi hivyo kwa sababu miili yetu inazivunja haraka.

Japani ndiyo iliyokuwa inatawala biashara hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Kenya ilianza kulima pareto mwishoni mwa miaka ya 1920, kwenye mashamba ya walowezi wa nyanda za juu, na Tanganyika ikafuata miaka ya 1930. Halafu vikaja Vita Kuu vya Pili. Japani ikawa upande wa maadui, na majeshi ya Waingereza na Wamarekani yalikuwa yanahitaji dawa ya mbu na chawa kwa askari wao. Pareto ya Afrika Mashariki ikawa mali ya vita. Kenya ikaongoza dunia, na kwa miongo mingi iliyofuata ilitoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia nzima. Baada ya uhuru, wakulima wadogo ndio waliokuwa wengi. Nyumba ngapi za bati, ada ngapi za shule zilitoka kwenye yale maua meupe!

Na angalieni jinsi ua lile lilivyokuwa linauzwa. Mkulima alipeleka maua makavu, kiwanda kikapima ni asilimia ngapi ya pirethrini imo ndani, kwa kawaida kati ya 1 na 2, na bei ikafuata kipimo hicho. Yaani mmea ule uliingia sokoni ukiwa na namba mkononi. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Pareto ina udhaifu mmoja mkubwa: jua linaiharibu. Ukipulizia asubuhi, kufika jioni nguvu nyingi imekwisha. Wanakemia wakaanza kuuliza: je, tunaweza kutengeneza kitu kama hiki, lakini kinachovumilia jua? Hermann Staudinger na Leopold Ružička, ambao baadaye kila mmoja alipata tuzo ya Nobel, walikuwa wameshachora umbo la pirethrini na kulichapisha mwaka 1924. Mwaka 1949 Wamarekani walitoa nakala ya kwanza ya kiwandani. Halafu mwaka 1973, katika kituo cha Rothamsted kule Uingereza, Michael Elliott na wenzake wakatangaza permethrini. Umbo lake limefuata la pareto, lakini jua haliiwezi, na inatengenezwa kwenye pipa bila kumsubiri mama wa Makete achume ua moja moja.

Nadhani mnaona mambo yanakoelekea. Dunia ikaanza kununua nakala. Bei ya ua ikayumba. Kenya mambo yakaharibika zaidi miaka ya 2000: wakulima walikaa muda mrefu bila kulipwa, wakang'oa, wakapanda viazi na mahindi. Kisiwa cha Tasmania, Australia, kikachukua nafasi ile kwa kutumia mashine za kuvunia. Mwaka 2013 Kenya ikatunga sheria mpya ya pareto ili wafanyabiashara binafsi waingie. Tanzania bado inalima, kiwanda kipo Mafinga, lakini enzi zile mnazosimuliwa na wazee hazijarudi.

DUMUZI

Wakati hayo yanaendelea, akaja mgeni. Mnamo mwaka 1981 ikaripotiwa kwamba mkoani Tabora kuna mdudu asiyejulikana anayegeuza mahindi kuwa unga. Wataalamu wakamtambua: asili yake Meksiko na Amerika ya Kati, mdogo kama milimita 3 au 4, mwili kama kipande cha penseli, kichwa kimejificha chini ya shingo. Sisi tukamwita dumuzi. Wengine walimwita Scania, jina la lile lori! Mwaka 1983 alikuwa ameshafika Taveta, Kenya, na mwaka 1984 akapatikana Togo, upande wa pili wa Afrika.

Fukusi ni mwizi wa polepole, dumuzi ni jambazi. Watafiti waliopima mahindi ya wakulima wa Tabora walikuta wastani wa hasara ya karibu asilimia 9 ya uzito baada ya miezi 3 hadi 6, na kwa wengine ikafika asilimia 34. Theluthi ya chakula cha mwaka, jamani. Na muhogo mkavu ulipata shida zaidi. Dumuzi ni ndugu wa wadudu wanaotoboa mbao, anaishi hata porini kwenye miti, kwa hiyo nguzo ya kihenge kwake ni nyumba na mahindi yaliyomo ni futari. Mtu akiweka mahindi kwenye magunzi, kama tulivyozoea, anakuwa amempa mahali pazuri pa kukanyagia anapotoboa.

Hapo ndipo dawa za bibi zilipozidiwa. Majivu ya kunyunyiza kidogo hayakumtisha. Lakini hata dawa za dukani za wakati ule zilimshindwa! Ile iliyokuwa inaaminika kwa fukusi, pirimifosi, dumuzi aliivumilia vizuri tu. Wataalamu wakatafuta, wakakuta kitu kinachomuua kwa kiasi kidogo sana ni permethrini. Yaani nakala ya pareto! Shida ni kwamba permethrini peke yake haimuwezi fukusi sawasawa. Wakazichanganya mbili: asilimia 1.6 ya pirimifosi na asilimia 0.3 ya permethrini, na ndiyo ile Actellic Super mnayoijua. Miaka ya 1980 serikali na wafadhili wakapita vijijini wakihimiza: pukuchua mahindi, changanya na dawa, weka mahali palipofungwa vizuri.

Hebu tulieni hapo kidogo. Nchi inayolima pareto, yenye ua linaloua wadudu likiwa limeota kwenye matuta yake, inauza ua nje kwa kilo, halafu inanunua nakala ya ua hilo hilo kwa pakiti ili kuokoa mahindi yake. Silaumu waliotengeneza nakala. Iliokoa chakula cha watu wengi, na mimi sipo kwenye nafasi ya kumwambia mtu aliyepoteza theluthi ya mahindi asinunue pakiti. Ninachosema ni kwamba tuangalie kilichotokea kati ya ua na pakiti. Kilichoongezwa ni kazi ya kupima: kiungo kipi, kiasi gani, kwa mdudu yupi, kwa miezi mingapi.

MWAROBAINI

Mwarobaini nao umepita njia hiyo hiyo. Mti ulikuja kwetu kutoka Bara Hindi, ambako watu wameweka majani yake makavu kwenye nafaka tangu kale. Hapa Agincourt mama mmoja jirani, Mtamil, anaweka majani hayo kwenye ndoo ya mchele hadi leo, anayanunua kwenye duka la kwao kwa pakiti. Wazungu walishtuka mwaka 1959, pale mtaalamu Mjerumani Heinrich Schmutterer alipokuwa Sudan wakati wa nzige. Nzige walikula kila kitu, miarobaini ikabaki na majani yake. Akaanza kuuliza kwa nini. Jibu kubwa ni azadiraktini: mdudu akiionja anakataa kula, na akiila, mtoto wake anashindwa kujivua ngozi na kukua. Haiui papo hapo. Ndiyo maana mtu akiweka mwarobaini leo na kesho akaona fukusi anatembea, anasema haifanyi kazi. Inafanya kazi kwenye kizazi kinachofuata!

Mwaka 1986 mkutano wa tatu wa kimataifa wa mwarobaini ulifanyika Nairobi, na miaka ya 1990 ICIPE iliendesha mradi wa mti huo ukiongozwa na Ramesh Saxena, Mhindi aliyewafundisha wakulima kusaga mbegu na kutumia. Wakati huo huo Ulaya kulikuwa na kesi. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W.R. Grace na wizara ya kilimo ya Marekani hakimiliki ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Wahindi na wenzao wakapinga, wakisema huwezi kumiliki jambo ambalo watu wamelifanya miaka na miaka. Mwaka 2000 hakimiliki ikafutwa, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini kushinda kesi ni jambo moja, kuwa na dawa inayoaminika mkononi ni jambo jingine. Mti ulibaki kuwa wetu. Kipimo kikabaki kwao.

KIPIMO

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Naamini dawa za mimea kwetu zimeshindwa na jambo moja zaidi ya mengine yote: hazina kipimo. Nitoe mifano mitatu.

Wa kwanza ni utupa. Mwaka 2012 Philip Stevenson na wenzake walichapisha matokeo ya kupima utupa wa wakulima wa Malawi. Wakakuta kuna aina mbili ambazo kwa macho ni mmea mmoja. Moja ina zile sumu za rotenoni, inaua. Nyingine haina, haiui chochote. Mkulima aliyebahatika kupata mbegu ya aina ya kwanza anaapa utupa ni kiboko. Jirani yake mwenye aina ya pili anaapa ni uongo wa wazee. Wote wawili wanasema kweli!

Wa pili ni majivu. Watafiti waliofanya kazi Kameruni na Larry Murdock wa Marekani walipima majivu kwenye kunde. Yanafanya kazi vizuri sana, ila kiasi kinachotakiwa ni makopo 3 ya majivu kwa kila makopo 4 ya kunde. Nani kati yetu anaweka majivu mengi hivyo? Tunanyunyiza konzi mbili kwenye gunia, halafu tunasema majivu yameshindwa.

Wa tatu ni mafuta ya kula. Kunde zikichanganywa na mafuta kiasi cha mililita 5 kwa kilo, kijiko kimoja cha chai, mayai ya mdudu yanakosa hewa na hayaanguliwi. Kwa kunde za kula ni jambo zuri. Kwa kunde za mbegu, uotaji unaweza kupungua.

Mnaona? Siri haipo kwenye mmea peke yake. Na kipimo kinafanya kazi kwa upande wa pili pia, wa usalama. Watu wanasema "ni mmea, hauna madhara". Jamani, utupa unaua samaki mto mzima! Mwaka 2000 watafiti Marekani walionyesha kwamba rotenoni ikiingizwa mwilini mwa panya kwa muda inaleta dalili kama za ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson. Mahindi yaliyowekewa utupa yaoshwe vizuri kabla ya kusagwa, na anayeutwanga afunge pua na mdomo. Mmea unaoweza kuua mdudu ni sumu, na sumu inataka heshima iwe imetoka shambani au dukani.

WENZETU WA HUKU

Mtauliza, Wakanada wao wanahifadhije ngano yao? Kwanza wana askari ambaye hatuna: baridi. Nafaka ikikaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, mdudu wao mkubwa wa ghalani anakufa bila dawa yoyote. Wanapuliza hewa ya baridi ndani ya maghala, basi. Pili, sheria: nafaka inayouzwa haitakiwi kuwa na mdudu wa ghala hata mmoja aliye hai. Na kwa sababu mnunuzi hataki sumu kwenye mkate wake, wao nao wamerudi kwenye mimea! Kule Winnipeg, Paul Fields na wenzake katika kituo cha serikali waligundua miaka ya 1990 kwamba unga wa njegere wenye protini nyingi ukichanganywa na nafaka unawafukuza na kuwaua fukusi. Njegere za kula! Walichofanya baada ya kugundua ni kupima: kiasi gani, mdudu gani, joto gani. Hakuna aliyewacheka kwamba ni dawa ya kienyeji.

SASA TUFANYE NINI?

Mimi si bwana shamba, na nimekaa mbali. Lakini mavuno yanakuja na mwaka jana nilisikia kwenye simu malalamiko yale yale: dawa ya dukani imenunuliwa, gunia limewekwa, miezi minne baadaye ni unga mtupu. Inawezekana ile dawa ilikuwa bandia, au ilishapita muda, au ilichanganywa kidogo. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyepima.

Kwa mahindi ya chakula ya nyumba nzima, ningeomba mtafute ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Nayo imetokana na kazi ya huyo huyo Murdock na Wakameruni miaka ya 1980. Mahindi yakauke sawasawa, mfuko ufungwe kwa nguvu, wadudu wanamaliza hewa yao wenyewe. Wala haihitaji dawa ya aina yoyote. Mtunze tu usitobolewe na panya.

Pamoja na hayo, nina ombi kwa vijana mliopo nyumbani, hasa mnaosoma sayansi. Chukueni madebe manne ya mahindi ya shamba moja, yaliyokauka pamoja. La kwanza msiweke kitu. La pili wekeni dawa ya dukani kama pakiti inavyosema. La tatu wekeni unga wa mbegu za mwarobaini zilizokaushwa kivulini, gramu 30 kwa kila kilo ya mahindi, lakini mpime kwa mizani, msikadirie kwa mkono. La nne wekeni utupa wa pale kwenu, kipimo hicho hicho, na hilo msilile. Kila mwisho wa mwezi chukueni kopo moja la lita kutoka kila debe, chekecheni unga, pimeni uzito, hesabuni punje 100 mwone ngapi zimetobolewa. Andikeni kwenye daftari na tarehe.

Baada ya miezi sita mtakuwa mmejua mambo ambayo mimi siwezi kuyajua nikiwa Agincourt, na ambayo hakuna mtafiti aliyekuja kuwaambia: utupa wa kwenu ni aina ipi, mwarobaini wa kwenu unafika mwezi wa ngapi, na dawa ya duka lile inastahili hela yenu au la. Mizani ndogo ya jikoni nitaituma na mtu anayekuja mwezi ujao. Daftari mtanunua wenyewe.

Nawatakia mavuno mema. Msalimieni bibi, na mwambieni namuuliza: lile jani alilokuwa anaweka kwenye maharage, alikuwa anaweka konzi ngapi kwa debe moja?